Submita Sita, Nyumba Moja ya Wapangaji: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Nyumba tunayoishi ipo Tandika, wilayani Temeke, nayo ni nyumba ya Kiswahili ya namna ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na ua nyuma wenye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kaya ni sita na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja. Kwa miaka mitatu niliyokaa humo sikumbuki mwezi uliopita bila ugomvi wa umeme, na mara mbili ugomvi huo ulifikishwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Miezi minane iliyopita tulinunua mita ndogo sita, hizi ambazo mafundi na wauza maduka huziita submita, tukafunga moja kwa kila chumba. Kabla ya kununua nilitafuta maelezo ya mpangaji mwenzangu aliyekwisha kuzitumia nikayakosa. Nilichokipata ni maneno ya wauzaji, ambao wote waliahidi kwamba kifaa hiki humaliza ugomvi wa wapangaji. Kifaa ni kizuri, na nitaeleza uzuri wake pamoja na kasoro zake, lakini ahadi hiyo hakiwezi kuitimiza chenyewe, na si haki kukisifia kwa kazi iliyofanywa na watu.

Kwanza nieleze tulivyokuwa tukiishi. Kila Jumapili kila chumba kilitoa shilingi 3,000, jumla 18,000, ambazo kwa bei tunayonunulia sisi hutoa uniti 50 hivi. Mgawo huo ulionekana wa haki kwa kuwa ni sawa kwa wote, lakini matumizi hayakuwa sawa hata kidogo. Mbele kushoto anakaa mama anayeuza barafu za ukwaju na maji ya kugandisha, mwenye friza inayonguruma usiku na mchana. Anayemwelekea ni fundi cherehani, ambaye pasi yake haipoi. Katikati yupo kijana anayefanya kazi za kompyuta chumbani, na mkabala naye ni kaka mlinzi wa usiku ambaye hurudi saa moja asubuhi na kulala hadi alasiri. Nyuma kabisa tupo mimi na mwalimu mstaafu, mama wa makamo ambaye nyumba nzima humwita Mwalimu. Mlinzi alilalamika kwamba anawagharimia wenye friji ilhali yeye ana feni na taa moja tu. Mama wa barafu alijibu kwamba hakuna aliyewahi kumwona akichelewesha mchango wake. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana ugomvi haukuisha.

Juu ya hayo kulikuwa na jambo la tarehe moja. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia manunuzi ya LUKU; ilipoanza ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na imepanda tangu hapo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini hukatwa kwa yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi, na katika nyumba ya wapangaji anayenunua ni mpangaji. Kwa hiyo ilipofika tarehe moja, kila mtu alisubiri mwenzake atangulie. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosubiri, na nakiri kwamba usiku mmoja umeme ulipokatika saa tatu nilikuwa na fedha ya kununua nikanyamaza, nikijua kwamba ni tarehe moja na atakayenunua atakatwa. Asubuhi barafu zote za mama yule zilikuwa maji. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kibaraza cha mbele na ndoo ya ukwaju uliokwisha kuchacha, na watoto wa shule waliokuja na sarafu zao aliwarudisha mmoja mmoja.

Wiki hiyohiyo mlinzi alipendekeza submita, naye hakulileta wazo hilo kwa amani. Alisema zifungwe ili ijulikane nani mwizi. Mama wa barafu akajibu kwamba zikifungwa atahama. Ndipo Mwalimu alipotuita uani Jumapili jioni, akatukalisha kwenye mikeka, na kuweka sharti ambalo sikuwahi kulisikia katika usuluhishi wowote, wala wa ofisi ya mtaa wala wa wazee wa ukoo: hakuna mtu kujieleza mwenyewe. Kila mmoja aeleze siku ya jirani ambaye mlango wake unatazamana na wake, tangu anapoamka hadi anapolala, na aseme umeme unamsaidia nini. Kisha mwenye siku yake ndiye asahihishe.

Fundi cherehani, aliyepewa kumweleza mama wa barafu, alidhani kwamba friza huwashwa mchana kutwa kwa starehe ya maji baridi. Mama akamsahihisha kwa upole: fedha ya barafu hulipa ada ya mtoto wa pili, na maji ya kunywa ya baridi yeye hayapendi kwa sababu ya kifua. Kijana wa kompyuta alimweleza mlinzi kama mtu mkali asiyependa watu. Mlinzi alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mdogo wangu, mimi nalala saa nne kwa siku. Feni ikizimika sipati hata hizo. Nikisinzia lindoni nafukuzwa kazi.” Katika miaka mitatu ya kugombana naye kuhusu uniti, hakuna kati yetu aliyewahi kujua kwamba shida yake kubwa ilikuwa usingizi. Mota ya cherehani na redio ya kijana vilikuwa vikimnyima alichokihitaji kuliko ile 1,300 hivi aliyokuwa akizidishiwa kwa wiki, lakini juu ya kelele hakuwa na pa kushika, na juu ya LUKU alikuwa napo. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana; siku hiyo nilielewa kwamba sauti ya kugongana haielezi vikombe vimegongana wapi.

Baada ya kikao hicho mama wa barafu mwenyewe ndiye aliyesema tununue mita, kwa maneno haya: “Nataka nilipe changu, nisionewe haya.” Nadhani kama tungezinunua wiki moja kabla, zingekuwa ushahidi wa kumfukuza.

Sasa kifaa chenyewe. Kariakoo kuna submita za aina nyingi, na kwa mpangaji wa kawaida tofauti ya maana ni tatu. Ipo yenye kioo cha tarakimu za kielektroniki, ipo yenye tarakimu za magurudumu zinazozunguka kama za mita za zamani, na ipo ya kulipia kabla, inayoingizwa namba kama LUKU na kukata umeme wa chumba ambacho uniti zake zimeisha. Hii ya tatu ni ghali zaidi, na nyingi huhitaji kampuni au mtu wa kutoa hizo namba, ambaye naye atataka malipo yake. Tuliiacha, na sababu kubwa haikuwa bei. Mwalimu aliuliza ni nani kati yetu angependa kuona chumba cha jirani kikiwa giza peke yake katika korido moja, na hakuna aliyejibu.

Tulichukua za kioo kwa shilingi 25,000 kila moja, na hapo tulikosea. Kioo husomeka vizuri umeme ukiwepo, lakini umeme ukikatika hakionyeshi kitu, na saa ambayo wapangaji huhitaji zaidi kusoma mita ni ileile ambayo uniti zimeisha na watu wanataka kujua nani achangie kiasi gani. Yenye magurudumu husomeka hata gizani kwa tochi ya simu. Hesabu haipotei, kwa kuwa kifaa huihifadhi na kuionyesha umeme unaporudi, ila ikibidi nianze upya nitachukua ya magurudumu bila kufikiri mara mbili.

Moja kati ya sita ilikuwa mbovu, na namna tulivyoirudisha ni sehemu ya tathmini hii. Submita hizi zina kitaa chekundu kinachomweka, yaani kuwaka na kuzima, kulingana na umeme unaopita. Kwetu imeandikwa kwamba mimweko 1,600 ni uniti moja. Tulipima kila moja kwa hita ya kuchemshia maji ya wati 1,000: nusu saa ni nusu uniti, yaani mimweko 800. Tano zilikaribia hapo, na tofauti ndogo iliyokuwepo tuliweza kuikubali, kwa kuwa hita yenyewe haivuti wati kamili zilizoandikwa umeme unaposhuka. Ya sita ilimweka mara 500 na kitu. Nilirudi nayo dukani nikiwa nimejiandaa kugombana, na kijana wa kaunta alikuwa amejiandaa pia, kwani alinionyesha maandishi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikakumbuka mikeka ya uani. Nilimwuliza, “Mdogo wangu, ukiipokea hii, nani anakatwa?” Akasema anakatwa yeye, kutoka kwenye mshahara. Basi tukaipima pamoja palepale dukani, akarekodi kwa simu yake kitaa kikimweka, akampelekea bosi wake picha hiyo ili bosi airudishe kwa aliyemwuzia jumla, na mimi nikakubali kurudi baada ya siku nne badala ya kudai fedha saa ileile. Siku ya nne nilipewa nyingine, nayo iko sawa hadi leo. Ninamshauri kila anayenunua apime kabla ya kufunga, maana mita ikishafungwa ukutani na kuonyesha pungufu, atakayeshukiwa ni jirani.

Gharama ambayo wauzaji hawaitaji ni ya nyaya. Katika nyumba nyingi za zamani za aina hii vyumba havikutandaziwa waya wa peke yake. Chumba kimoja huchukua umeme kutoka kingine, na kwetu soketi ya Mwalimu ilikuwa ikipita chumbani kwangu. Submita huhesabu kila kinachopita ndani yake, kwa hiyo bila kutenganisha nyaya ningekuwa ninamlipia yeye bila mmoja wetu kujua. Fundi alilazimika kutandaza nyaya mpya hadi vyumba vinne. Mita zilikuwa 150,000, lakini nyaya, masanduku na ufundi vilifika 210,000. Mwenye nyumba, anayekaa mbali na sisi, alikataa kuchangia alipoambiwa kwamba ni mita za wapangaji. Mwalimu hakumbishia. Alimpelekea picha za nyaya zilizobanduka juu ya dari, akamwomba aje na fundi wake aone. Alikuja, akaona, akabeba nusu ya gharama yote, 180,000, na sisi tukatoa 30,000 kila chumba. Fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mita zifungwe baada ya swichi kuu; mita ya TANESCO, shirika la umeme, na lakiri yake visiguswe kabisa.

Wiki ya kwanza mita zilitushangaza. Mama wa barafu alitumia uniti 14. Kwa jinsi tulivyokuwa tukisema, alipaswa kutumia nusu ya umeme wote. Wa pili nilikuwa mimi, uniti 10, kwa sababu ya friji yangu kuukuu ambayo mlango wake hauzibi sawasawa, na ambayo katika miaka mitatu ya lawama hakuna aliyewahi kuitaja, hata mimi mwenyewe. Fundi cherehani alipata 8, kijana 7, mlinzi 4, Mwalimu 3. Jumla ni 46, wakati LUKU ilionyesha kwamba zimekwenda 50 na nusu. Tofauti hiyo ingeweza kuanzisha ugomvi mpya, na kwa muda wa nusu saa ilianza. Kisha kijana akaihesabu kwa kalamu: taa ya nje inayowaka usiku kucha, taa ya korido isiyozimwa, taa ya choo, na mita zenyewe, ambazo kila moja hula umeme kidogo ili ifanye kazi. Zikila wati moja moja, sita kwa mwezi mzima hula zaidi ya uniti nne. Jambo hili halikuandikwa kwenye kijikaratasi cha maelezo, nami nadhani kila mnunuzi anastahili kuambiwa.

Uniti hizo za pamoja tuligawana kwa sita. Tulidhani mlinzi angekataa kuchangia taa ya nje, kwa kuwa usiku hayupo. Alisema alfajiri za mvua ndiyo humwonyesha dimbwi la mbele ya geti, akalipa.

Yaliyofuata hayakutoka kwenye mita, ingawa tarakimu ziliyafanya yawezekane. Mama wa barafu aliisogeza friza kutoka ukutani ili joto lake lipate pa kutokea, na akaacha kuifungua kila mteja anapofika. Barafu za asubuhi huzihamishia kwenye boksi la kuhifadhia baridi, kisha huuza kutoka humo. Matumizi yake yameshuka hadi 11 kwa wiki. Fundi cherehani sasa hushona kibarazani asubuhi, ambako wateja humwona na mota haisikiki chumbani kwa mlinzi, na pasi huiwasha mara moja kwa nguo zote za siku badala ya kuiwasha kwa kila shati. Kijana alinunua spika za masikioni. Mimi nilibadilisha mpira wa mlango wa friji. Mlinzi hakubadilisha kitu, na hakuna aliyemtaka abadilishe.

Kuhusu kodi ya jengo, mita haziwezi kusaidia hata kidogo, na asiyelijua hilo atasikitika. Tulilitatua kwa njia nyepesi ambayo sielewi kwa nini hatukuifikiria mapema: umeme wa kwanza wa mwezi hununuliwa kwa zamu, ujumbe wa simu unaoonyesha makato hupigwa picha na kutumwa kwa mwenye nyumba, na kiasi kilichokatwa hupunguzwa kwenye kodi ya pango ya yule aliyenunua. Mwenye nyumba alikubali siku ileile tulipomwomba. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukigombana sisi kwa sisi juu ya deni la mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Ukomo wa kifaa hiki ni kwamba kinahesabu tu. Jirani asipochangia, submita ya kawaida haimzimii, na LUKU ikiisha wote mnakaa gizani. Hilo lilitokea mwezi wa tano, kijana alipokosa kazi kwa wiki tatu. Daftari la mita, ambalo hutundikwa kwenye msumari wa korido na kujazwa kila Jumapili na mtu wa zamu mbele ya mwingine mmoja, lilionyesha deni lake waziwazi: uniti 19. Awali deni la namna hiyo lingekuwa tetesi za uani, na tetesi hukua. Kwa kuwa lilikuwa tarakimu, alikwenda mwenyewe kwa mama wa barafu akapanga naye: alimtengenezea tangazo la biashara yake la kutuma kwa simu, na mama akamlipia nusu. Nusu iliyobaki aliimaliza alipopata kazi.

Kuhusu bei, kwa 60,000 kwa kila chumba ukijumlisha na mchango wa mwenye nyumba, si kifaa cha kununua kwa hasira ya siku moja. Mlinzi, ambaye sasa hulipa pungufu ya 1,300 hivi kwa wiki, alirudisha 30,000 zake ndani ya miezi sita. Mama wa barafu analipa zaidi ya zamani, na nilipomwuliza kama angependa turudi kwenye 3,000 kwa wote alikataa kabla sijamaliza swali. Kwa nyumba ya kaya mbili zenye matumizi yanayofanana, sioni sababu ya kununua; daftari na mazungumzo yatatosha.

Lipo tatizo moja ambalo submita hailigusi, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. TANESCO ina kundi la bei nafuu kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, wakati kundi la kawaida ni 292. Mwalimu hutumia uniti 12 au 13 kwa mwezi. Kama angekuwa na LUKU yake angestahili bei ya chini, lakini kwa kuwa mbele ya TANESCO sisi sote ni mteja mmoja anayetumia karibu uniti 200, yeye mwenye pensheni hulipa kila uniti kama friza ya barafu inavyolipa. Mita zetu humwonyesha vizuri kiasi anachotumia, lakini bei haziwezi kuipunguza. Mwezi uliopita mama wa barafu, na si Mwalimu, ndiye aliyempigia mwenye nyumba kuuliza kuhusu kuomba LUKU ya pili kwa vyumba vya nyuma. Mwenye nyumba ameomba kuona hesabu za miezi yote minane kabla ya kujibu, kwa hiyo kwa sasa daftari liko kwake na tunaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mahali pake.